Jinsi Nsimire Alivyompata Adui

Waumini wengi pale Guildford, kitongoji cha Sydney, waliijua sauti ya Nsimire kabla ya kuijua sura yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mjane anayekaribia miaka hamsini, na akiinua wimbo hata watoto waliokuwa wakifukuzana uani walitulia. Kanisa lenyewe halikuwa na jengo lake. Lilikodi ukumbi wa skauti kila Jumapili mchana, na ndani ya ukumbi huo watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Fizi na hata Warundi kadhaa waliimba kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha iliyowakutanisha wote.

Nsimire alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, katika Kivu, mashariki mwa Kongo. Vita vilipomfukuza alivuka ziwa na mumewe, binti yao Falone akiwa mgongoni, wakaishia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mumewe alizikwa huko. Nsimire alipanda ndege ya kuja Sydney akiwa na mtoto aliyekwisha kusahau sura ya baba, na sanduku moja la nguo zisizofaa kwa baridi.

Mtu wa kwanza kumsemesha katika mji huu alikuwa Aline. Walikutana kwenye duka la vyakula karibu na stesheni. Nsimire alikuwa amesimama mbele ya rafu ya unga, hajui upi ni wa mahindi na upi wa kitu kingine, akasikia nyuma yake mtu anaongea Kiswahili kwenye simu. Aligeuka na kumshika mkono mwanamke asiyemjua, akalia. Aline alikata simu. Alimnunulia unga na samaki wakavu, akambebea mpaka mlangoni, na wiki iliyofuata akarudi kumfundisha kutumia kadi ya treni. Baadaye alimpeleka kwenye masomo ya kutunza wazee, na alipofuzu alimwombea kazi kwenye nyumba ya wazee kule Toongabbie alikofanya kazi yeye mwenyewe. Tangu hapo walipanda treni moja asubuhi na kurudi na treni moja jioni, na mtu aliyemtafuta mmoja alimuulizia mwenziwe.

Aline alikuwa mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Alitoka Minembwe, kwenye milima ya juu, na alikuwa Munyamulenge: watu wa ng'ombe, ambao lugha yao yakaribiana na ya Wanyarwanda, na ambao kwa sababu hiyo wengi huko nyumbani waliwaita wageni, na wageni wabaya. Nsimire alilijua hilo. Alikuwa amelelewa na maneno hayo. Bibi yake alipokuwa anachambua maharage uani alizoea kusema kuwa wale ni nyoka, ukimlaza ndani ataamka amekuzunguka shingo. Alipofika Sydney Nsimire hakuyatumia maneno hayo, ila hakuwa ameyatupa. Aliyaweka kama mtu anavyoweka nguo iliyombana, akidhani hataivaa tena.

Siku moja, wakingoja treni Toongabbie, alimuuliza kwa kicheko, "Lakini Aline, tuseme kweli. Ninyi si mlitoka Rwanda?"

Aline hakukasirika. "Yaya," alisema, kwa maana alimwita hivyo, dada mkubwa, "babu ya babu yangu amezikwa Itombwe. Mbelgiji alipokuja na kamba yake ya kupimia nchi alikuta makaburi yetu pale. Akachora mstari wake, akaandika nani ni mwenyeji na nani amekuja, akarudi kwao kula. Sisi njo tulibakia kuulizana."

"Na hapa je, ni nani mwenyeji?"

"Hapa?" Aline alitazama reli. "Hapa usiulize. Tutafukuzwa wote." Walicheka mpaka mzungu mmoja aliyekaa kwenye benchi akawatupia jicho.

Kisha ukaja ule mwezi wa pili ambao vita viliifikia Bukavu. Joto la Sydney lilikuwa la kuchoma, na watu wa kanisa walitembea kwenye jua kali wakiwa na simu masikioni, kila mmoja akitafuta mtu wake. Waasi waliokwisha kuiteka Goma walikuwa wanashuka, na kila mtu alisema nyuma yao iko Rwanda. Mdogo wake Nsimire, Balagizi, alikuwa na kibanda cha kuuza vipuri vya pikipiki kule Kadutu. Alimtumia ujumbe wa sauti: "Yaya, milio imekaribia. Nitafunga duka. Ombeni." Baada ya hapo simu yake ikawa haiiti.

Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya zikaanza kumiminika video. Watu walioanguka barabarani, watu wanaokimbia na magodoro kichwani, wengine wakieleza namna ya kumtambua adui kwa pua na kwa urefu. Hakuna aliyejua video ipi ni ya jana na ipi ni ya miaka kumi nyuma. Mtu mmoja aliandika kuwa nyoka ni nyoka hata akihamia Australia. Mwingine akabandika picha ya familia ya Aline, iliyopigwa siku ya pikiniki kwenye bustani ya Parramatta, wote wameshika sahani za wali, akauliza: Hawa wako wangapi katikati yetu?

Nsimire aliitambua picha ile. Aliipiga yeye. Aliishika simu muda mrefu, kidole juu ya kioo, kisha akaizima akaenda kuosha vyombo.

Jumapili ile Pasta Dieudonné alimwita Aline pembeni kabla ya ibada. Pasta hakuwa mtu mbaya. Binamu yake mwenyewe alikuwa amepotea Goma, na aliogopa kanisa lisije likapasuka mikononi mwake. "Mama Aline," alisema, "mpumzike kidogo kwenye kwaya. Mpaka hali itulie."

"Pasta, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ni kwa usalama wenu."

Aline alichukua mkoba wake kwenye kiti. Alipokuwa anapita alimtazama Nsimire, na Nsimire akainama kulikaza kitenge chake, ambacho hakikuwa kimelegea.

Jumatatu walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini. Siku hizo Nsimire alikuwa amebadili treni yake, hawakuja pamoja. Aline alifunga kabati lake, akasogea.

"Yaya, umepata habari za Balagizi?"

Aliuliza kwa sauti ile ile ya siku zote. Lakini jina la ndugu yake lilipotoka katika kinywa kile Nsimire alisikia mwili wote unasisimka, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Aliona pua ile, urefu ule, shingo ile. Aliona video.

"Waulize ndugu zako," alimjibu.

"Ndugu zangu gani?"

Nsimire alitoka.

Siku ile ile alikwenda kwa meneja kuomba asipangwe tena zamu na Aline. Meneja, mama wa Kiaustralia mwenye haraka, alimwambia wafanyakazi hawatoshi. Wagonjwa wengi wananyanyuliwa na watu wawili kwa mashine, na hawezi kuvuruga ratiba bila sababu. Je, kuna sababu?

Basi Nsimire akasema, kwa Kiingereza, kwamba hajisikii salama na mwanamke yule.

Neno hilo alilijua vizuri. Walifundishwa kwenye masomo, wakalirudia kila mwaka. Katika nchi hii mtu akisema amechoka anaambiwa pole, akisema amenyimwa haki anaambiwa asubiri, bali akisema hayuko salama kila mlango unafunguka. Meneja aliweka kalamu chini. Akafunga mlango. Akamuuliza polepole kama Aline amewahi kumtisha.

"Watu wake wanaua watu wangu."

Meneja alikuwa ameiona Kongo kwenye televisheni, juu juu, kati ya habari za hali ya hewa na za mpira. Alimwona mbele yake mwanamke wa Kiafrika anayetetemeka, na alijua mwingine yuko kwenye ujia. Aliuliza tena: je, amewahi kukuambia neno lolote? Neno lenyewe hasa?

Nsimire alifikiri. Hakutaka kusema uongo. Alikuwa mtu wa kanisa. Alitafuta jambo la kweli, akalipata.

"Ananiuliza habari za ndugu yangu," alisema.

Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile uliponza kichwa cha mwingine. Aline aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ufanyike. Walimhoji kwa heshima, wakamletea mkalimani ambaye hakumhitaji, wakamuuliza kwa nini alitaka kujua aliko ndugu wa mwenzake. Mwisho hawakuona kosa, wakamwambia anaweza kurudi katika zamu nyingine. Aline hakurudi. Mkataba wa nyumba yao Guildford ulipokwisha, yeye na mumewe walihamia Penrith, huko mwisho wa mji, ambako hakukuwa na mtu wa Kivu hata mmoja waliyemjua.

Nsimire hakufurahi, wala hakusikitika. Alikuwa anangoja simu.

Ilikuja saa ya mapumziko ya mchana. Alikuwa amekaa nyuma ya jengo, karibu na mapipa, mahali wafanyakazi walipokwenda kuvuta sigara. Aliyepiga alikuwa Faida, mke wa Balagizi.

"Yaya, amekufa," alisema Faida. "Tumemzika zamani. Hakukuwa na mtandao."

Nsimire alishika ukuta. "Walimwua. Nilijua. Walipoingia tu nilijua."

"Hapana, yaya. Hawakuwa wameingia bado."

Faida akasimulia. Ilikuwa siku moja kabla. Askari wa serikali walikuwa wanakimbia mji, na wanaokimbia wanahitaji pikipiki. Walifika kibandani wakitaka ile ya Balagizi. Alikuwa bado hajamaliza kuilipia, akaishika usukani, akawaambia, wakubwa, na sisi mnatuachia nini? Wakampiga risasi.

"Ni nani waliompiga?"

"Walikuwa wanasema Kilingala, yaya. Walikuwa wa kwetu." Faida aliongeza: "Usilitangaze sana. Hapa kila mtu ana hadithi yake, na hii hakuna anayeitaka."

Matanga yaliwekwa nyumbani kwa Nsimire. Viti vilikodiwa, wanawake wakapika sombe ya majani ya muhogo na ugali katika masufuria makubwa, wanaume wakakaa uani chini ya turubai. Hakuna aliyemuuliza ndugu yake alikufaje. Waliona hakuna haja. Pasta Dieudonné alisimama akahubiri juu ya damu ya Habili inayolia kutoka ardhini, akasema kijana wetu ameuawa na adui aliyevuka mpaka kuja kututoa katika nchi ya baba zetu. Watu wakajibu Amina. Nsimire alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati yao, kanga imemfunika kichwa, na huruma yao ilikuwa nzito na ya joto kama blanketi. Angesema kweli, wangeiondoa. Akanyamaza.

Baadaye, akiwa jikoni, aliona dirishani gari likisimama nje. Aline alishuka, amevaa nguo nyeusi, ameshika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Wanawake wawili walimzuia getini. Nsimire hakusikia walilosema, ila aliona vichwa vikitikisika. Aline alisimama kidogo, akanyanyua macho kwenye nyumba. Dirisha lilikuwa na pazia jepesi tu. Hatua chache zingetosha. Nsimire alibaki ameshika mwiko, mpaka gari likaondoka.

Falone, ambaye wakati huo alikuwa anasoma chuo, alikuwa amesimama nyuma yake. Binti huyu alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote. Alikuwa amesikia simu za Faida.

"Mum, that's Auntie Aline. Why won't you tell them?"

"Nyamaza. Haujue kitu."

"I know who killed Uncle," alisema Falone, akatoka jikoni, na kwa majuma mengi baada ya hapo mama na binti walikula kila mtu kwa wakati wake.

Chuki ni kama mzigo wa kichwani: ukipata mahali pa kuuegemeza unatembea. Nsimire sasa hakuwa na pa kuuegemeza. Wale askari hakuwajua majina wala sura. Alipojaribu kuwachukia alijikuta anamwona Aline tena, kwa mazoea, kisha anakumbuka kuwa siye. Alipungua mwili. Alikwenda kwa meneja akataka kuyafuta maneno yake, meneja akamwambia kwa upole kwamba jambo lile lilikwisha kufungwa, na kwamba haruhusiwi kumpa anwani ya mtu. Anwani aliipata kwa Falone. Kumbe binti alikuwa akienda huko mara kwa mara.

Alikwenda Jumapili moja mwishoni mwa baridi, akakosa kanisa. Hakujua kwamba siku hiyo mjini kulikuwa na maandamano ya watu wanaotaka wageni wasiletwe tena. Alipobadili treni Blacktown alijikuta ndani ya behewa lililojaa watu waliokuwa wanatoka huko kurudi makwao, wengine wamejifunga bendera mabegani kama vitenge. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi. Alikaa. Mbele yake alikuwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alisema, si kwake bali kwa dirisha, kuwa nchi imejaa, imejaa kabisa, na wanaoletwa wanakuja na vita vyao. Mke alihamisha mkoba wake, akauweka upande wa ukutani, akaushika kwa mikono miwili.

Hakuna aliyemgusa Nsimire. Angeweza kukasirika, ingekuwa nafuu. Lakini alimtazama yule mama usoni, mama wa rika lake, mwenye nywele zilizotengenezwa vizuri kwa ajili ya siku ile, na hakuona ubaya. Aliona mtu anayeogopa kweli kweli, anayehesabu pua na ngozi, anayengoja kuzungukwa shingo. Nsimire aliujua mwasho huo wa mwili. Aliteremka Penrith.

Aline alikuwa uani, anaanua nguo kambani. Hakushtuka. Aliendelea kukunja shuka.

"Bonjour, madame," alisema.

Nsimire alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kusalimiwa kwa Kifaransa, kama mtu asiyejulikana. "Aline, mimi ni yaya yako."

Aline alikunja foronya.

Nsimire alisimulia yote pale pale nyasini, amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kukaa: simu ya Faida, pikipiki, Kilingala, mahubiri ya pasta, na lile alilomwambia meneja, neno kwa neno. Alipomaliza, Aline alikuwa analia bila sauti.

"Pole kwa Balagizi," alisema. "Nilimwombea kila siku. Nilikuwa ninakuuliza ili nijue nimwombee namna gani."

"Nisamehe."

"Umekuja kuniambia mimi kwamba watu wangu hawakumwua? Mimi nilijua sikumwua ndugu yako, hata ingekuwa ni nani aliyempiga. Na kama angeuawa na hao wengine, je? Ungekuja leo?" Alifuta uso kwa shuka aliyoikunja. "Wanaopaswa kuambiwa ni wao. Mimi usiniambie."

"Nitawaambia. Kisha nitarudi."

"Usirudi. Sikuchukii, Mungu ni shahidi. Lakini watoto wangu walimwona baba yao anapakia vitu, wakauliza ni nani ametufukuza, nikawaambia jina lako. Wakiiona sura yako wataogopa." Alinyanyua kapu. "Treni ya kurudi haikawii. Nenda kabla giza halijaingia."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Nsimire alinyoosha mkono. Pasta alidhani anataka kushukuru kwa matanga, akampa kipaza sauti. Alisimulia kifo cha ndugu yake kama alivyosimuliwa. Alisema pia jina la Aline, na alichomfanyia. Sauti yake, ile iliyozoea kujaza ukumbi, ilitoka kidogo tu, lakini wote walisikia. Alipokaa hakuna aliyesema Amina. Mtoto alilia, akatolewa nje.

Jioni ile kwenye kundi la WhatsApp mtu aliuliza: Hawa wamemlipa nini mama huyu? Mwingine akakumbusha kuwa kwa miaka mingi alikuwa anatembea na yule mwanamke kama pacha, na kwamba hata pua ya mama yake Nsimire, wanaomjua wanajua, haikuwa ya Kadutu. Kabla juma halijaisha Pasta Dieudonné alipiga simu. Alikuwa na huzuni ya kweli. Alisema ingefaa apumzike kidogo, mpaka hali itulie.

"Kwa usalama wangu, Pasta?" aliuliza Nsimire.

"Ulijua mambo yatakuwa hivi," alisema Pasta. "Kwa nini hukuniambia mimi peke yangu?"

Sasa Nsimire hufanya zamu ya Jumapili, ambayo wengi hawaitaki. Falone amerudi kula naye meza moja, ingawa bado huenda Penrith, na akirudi hakuna anayetaja alikotoka. Faida hupiga simu mtandao ukiwapo. Juzi alisema mji umetulia, watu wanakwenda sokoni, ila fundi viatu wa karibu na kibanda cha Balagizi amechukuliwa usiku na hajulikani alipo. Watu wanasema alikuwa wa upande wa pili.

"Upande upi?" aliuliza Nsimire.

"Wa pili, yaya. Njo vile wanasema."

"Na kweli alikuwa?"

"Sijui," alisema Faida. "Alikuwa anatushonea viatu tu."